Ng'ombe wa Holmes

Mume wangu Lameck hajawahi kupigana hata na jogoo, lakini hapa Nyaishozi wanamwita Profesa wa Ngumi. Akipita senta na baiskeli yake, waendesha bodaboda wanamuuliza kwa sauti, Profesa, Joe Louis na Lennox Lewis nani angelala chini? Naye anashusha mguu mmoja, anakohoa kidogo, anatoa jibu lenye mwaka, raundi na kilo. Watu wanatikisa vichwa na kusema yule mtu amebeba maktaba.

Maktaba ni mimi. Nalisema mapema, asije mtu akafika katikati ya habari hii akadhani namwonea mume wangu. Kila alichowahi kusema kuhusu mabondia wa uzito wa juu alikipata kwangu, mimi Adventina binti Kaijage wa Kibingo, na sehemu kubwa alikipata nikiwa nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi za jioni.

Baba yangu alikuwa mfagizi katika nyumba ya misheni alimokaa daktari mmoja Mzungu aliyependa ngumi kupita kiasi. Mwanzoni mwa mwaka themanini na moja daktari akarudi kwao, na vitu vyake akawaachia wafanyakazi. Mmoja akachukua godoro, mwingine sufuria, mwingine blanketi mbili. Baba akarudi nyumbani na sanduku la magazeti ya ngumi kichwani. Mama alimnunia mwezi mzima, na kila alipojinyoosha juu ya mkeka alimkumbusha lile godoro.

Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuokoteza, lakini moyo wa kusoma alikuwa nao. Jioni alifungua gazeti karibu na moto, akasoma sentensi moja kimoyomoyo, akafumba macho, kisha akanisimulia ukurasa mzima. Ndugu zangu watano walikimbilia nje. Mimi nilibaki kwa sababu nilitaka kujua nani aliinuka baada ya kuangushwa. Nikamjua Marciano ambaye hakupigwa na mtu hata mara moja, Joe Louis aliyeshika mkanda karibu miaka kumi na miwili, Frazier, Foreman, wote hao nikawajua kama wenzangu walivyowajua majirani. Nilipofika darasa la saba niliazima kamusi ya mwalimu nikaanza kuyasoma magazeti mwenyewe, na nikagundua kwamba baba alikuwa akiongeza chumvi hapa na pale. Sikumlaumu, maana bila chumvi nani angekula.

Larry Holmes nilimchagua kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa kushoto. Nikiwa darasa la pili mwalimu alinichapa vidole kwa rula kwa sababu niliandika kwa mkono huo, nikarudi nyumbani vidole vimevimba, nikasema shule siendi tena. Baba hakwenda kugombana na mwalimu. Alinikalisha magotini akanisimulia habari za Holmes, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati ule, mwenye ngumi ya kushoto ya kunyoosha ambayo hakuna aliyeweza kuikwepa. Akaniambia kwamba Holmes alipokuwa mtoto kule Georgia alikamua ng'ombe wa jirani kila asubuhi. Yule ng'ombe alikuwa na tabia ya kupiga watu mkia usoni, kwa hiyo Holmes alishika mkia kwa mkono wa kulia akakamua kwa wa kushoto, miaka minne mfululizo, mpaka mkono ule ukawa mwepesi kuliko mikono yote duniani. Bingwa wa dunia, baba akasema, ametengenezwa na mkono wa kushoto. Asubuhi yake nilikwenda shule.

Tangu siku hiyo Holmes akawa wangu. Habari ya ng'ombe sikumwambia mtu, kama vile mtu asivyoonyesha kila mgeni nguo yake ya Krismasi. Niliendelea kumenya, kulima na kuchuma kahawa kwa kushoto. Kitu kimoja tu sikukifanya kwa mkono huo: sikumpa mtu kitu. Kwetu kumpa mtu chakula kwa kushoto ni kumwambia kwamba hana maana, na mama alinifunza hilo kabla sijajua kutembea vizuri. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa nimempa Lameck kila sahani kwa mkono wa kulia.

Lameck alianza kupenda ngumi ukubwani. Binti yetu alimletea simu ya kioo kutoka Mwanza, na pale nje ya duka la Muzamil kuna benchi ambalo wanaume hukaa kutazama mapambano ya zamani na kubishana. Siku moja akarudi amenuna. Alikuwa amesema Foreman hakuwahi kupigwa na mtu yeyote isipokuwa Ali, na Muzamil akamcheka mbele ya watu. Mimi, nikiwa namenya ndizi, nikamwambia kwamba Jimmy Young alimshinda Foreman kwa pointi mwaka sabini na saba. Sikuinua hata kichwa. Lameck akavuta kigoda cha pili, akakaa mbele yangu akaniuliza na nini kingine ninakijua.

Ndivyo tulivyoanza, na mabondia waliokuja baada ya lile sanduku nikawasoma kwenye simu yake. Jioni nilichukua upande wa adui na yeye akachukua wake, nami nikamshambulia mpaka akaishiwa. Kisha nikamwonyesha palipovuja. Kesho yake alikwenda kwenye benchi akashinda. Sitadanganya, nilifurahi. Alirudi akanisimulia jinsi Muzamil alivyokosa la kusema, tukacheka wote wawili, na nikaona kama na mimi nilikuwepo kwenye lile benchi. Mwaka mzima, kisha minne, kisha sita, tulikuwa hivyo. Ndoa nyingi hapa hazina hata hilo la kuongea.

Mwaka huu redio moja ya Kayanga ikaanzisha shindano. Kila Jumamosi saa kumi jioni, watetezi wawili wanakaa studio, kila mmoja na bondia wake, na swali ni moja: kama hawa wawili wangekutana kila mtu akiwa katika miaka yake bora, nani angeshinda? Watetezi wanane, mabondia wanane. Ali alikatazwa, kwa sababu kila mtu angemtaka na watu wangepigana kweli. Waamuzi watatu wanatoa uamuzi baada ya wasikilizaji kupiga simu, na bingwa atapewa kiti cha uchambuzi redioni kila wiki. Lameck akaja nyumbani mbio. Tumchukue nani? Nikamwambia, Holmes.

Alikunja uso. Holmes hapendwi, akasema, watu wanamkumbuka tu kama yule aliyempiga Ali mzee. Nikamwambia ndiyo maana. Holmes kwanza alikuwa mtu wa mazoezi wa Ali, kazi yake kupigwa na kupiga kambini ili Ali awe tayari, na siku ya pambano Ali ndiye aliyepanda ulingoni, Holmes akabaki chini na taulo. Akayajua yote ya Ali kwa kuyapokea usoni. Ilipofika zamu yake, mwaka themanini, alimshinda bosi wake, na usiku huo akalia. Lameck akasema hiyo ni nzuri sana, niirudie polepole.

Nikairudia. Kisha nikamwambia ninachotaka. Sikutaka kiti, maana kiti ni cha aliyekaa studio. Nilitaka aseme jina langu. Aseme tu redioni kwamba haya ameyapata kwa mkewe Adventina, na Adventina aliyapata kwa baba yake, mzee Kaijage wa Kibingo. Baba ana miaka themanini na minane, macho yamezima mwaka wa saba sasa, na redio ndiyo dirisha lake. Wanawe wengine wamempa mabati, wamempa ng'ombe wa maziwa. Mimi sina nilichompa. Nilitaka ajue kwamba lile sanduku halikupotea bure.

Tulikuwa uani, kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Lameck akaokota tunda moja kavu, akalipasua kwa meno, akatoa punje mbili zilizolaliana ndani. Moja akanipa, moja akatafuna yeye. Zamani wazee wetu wakifunga undugu walikula hivyo, tunda moja watu wawili, na ilisemwa kwamba atakayemgeuka mwenzake tumbo litamvimba mpaka lipasuke. Tulitafuna tukicheka. Akasema, "Tukifika fainali nitalitaja jina lako na la mzee. Nikisema mapema wataniona sijiamini. Fainali, Adventina, nimekula kahawa."

Mechi ya kwanza ilikuwa na mwalimu mstaafu aliyemleta Marciano. Lameck akasema kama nilivyompa: hakuna anayebisha kwamba Marciano alishinda mapambano yote arobaini na tisa, lakini alikuwa mfupi na mikono yake mifupi, na kumfikia Holmes angelazimika kupita kwenye ile ngumi ya kushoto kila mara, kama mtu anayetaka kuingia mlangoni huku wanammwagia maji. Waamuzi wote watatu wakampa Holmes. Jioni baba akapiga simu kutoka Kibingo. Wifi yangu Avelina, anayekaa naye, humbonyezea namba. Baba akasema mkwe wake anaongea kama mtu aliyelala ndani ya lile sanduku. Nikamwambia asubiri fainali. Akauliza fainali kuna nini. Nikasema, subiri tu, tata, kama tunavyomwita baba kwetu.

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini binti aliyeolewa akimpigia baba yake kumweleza habari za mumewe, hayo yanakuwa mashtaka, na kesho yake wazee wanaitwa. Mimi nilitaka aisikie kama sifa, na aisikie kwa kinywa cha mwanamume aliyekuja kutoa mahari kwake.

Nusu fainali ilikuwa na fundi pikipiki wa Kihanga aliyemleta Usyk, bondia wa siku hizi. Hapo moyo wangu ulisita, kwa maana Usyk ni mtu wa kushoto kama mimi. Nikamtayarisha Lameck hivyohivyo. Nikamwambia asimdharau Usyk, asifu miguu yake, kisha akumbushe kwamba Shavers alimwangusha Holmes raundi ya saba na Holmes akainuka akashinda, na kwamba dhidi ya Norton alipigana raundi kumi na tano huku mkono wake wa kushoto ukiwa na jeraha. Mtu anayeshinda na mkono mgonjwa, mkono huo ukiwa mzima utamfanya nini? Waamuzi wawili kwa mmoja, Holmes akapita.

Nilikuwa uani nageuza kahawa na jirani yangu Anatolia, redio tumeiweka juu ya ndoo. Mtangazaji ni Nusra, binti wa Kayanga mwenye sauti ya ukarimu. Akamuuliza Lameck, huko nyumbani unabishana na nani mpaka unanolewa namna hii, au mama anakusaidia? Lameck akacheka. Navijua vicheko vyake vyote, na hicho kilikuwa kile cha kwenye benchi.

"Nyumbani yupo Adventina tu," akasema. "Mwanamke mzuri, kwa kupika simlaumu. Lakini ukimwambia raundi ya kumi na tano atakuuliza ni raundi ya chai au ya uji."

Studio nzima ikacheka. Anatolia naye akacheka, mpaka aliponitazama usoni akaacha. Niliendelea kugeuza kahawa. Niligeuza sehemu moja hiyohiyo mpaka mkeka ukaonekana.

Aliporudi nilimuuliza. Akasema ule ni utani wa redio, watu wanapenda utani, na isitoshe ametaja jina langu, si nilitaka jina? Alisema hivyo kweli, akitabasamu. Kisha akaona sitabasamu, akashusha sauti akasema fainali ndiyo yenyewe, ameapa na ameapa, na je, Tyson tunamuanzaje? Mbele yangu palikuwa na mchi wa kutwangia karanga. Nimshukuru Mungu ulikuwa mbali kidogo na mkono.

Nilimtayarisha. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza. Nilikuwa nimeshamwambia baba asubiri. Na Holmes alikuwa wangu, sikuweza kumwacha aende fainali mikono mitupu kwa sababu ya mdomo wa Lameck.

Fainali ilikuwa ngumu kwa sababu Muzamil alimleta Mike Tyson, na Tyson na Holmes walishakutana kweli. Januari mwaka themanini na nane, Tyson alimwangusha Holmes raundi ya nne, na kila mtu kwenye benchi ameiona kwenye simu. Nikamwambia Lameck asikimbie jambo hilo, alianze yeye. Holmes siku ile alikuwa na miaka thelathini na minane, hajapanda ulingoni karibu miaka miwili. Tyson alikuwa na ishirini na mmoja. Ali naye alikuwa na thelathini na minane siku Holmes alipomshinda. Alichomfanyia mwenzake ndicho alichofanyiwa. Nikamwambia asiseme kwa Kiswahili cha vitabu, aseme hivi: mgomba uliokwisha kutoa mkungu haupimwi na mgomba mchanga, tunaupima kwa mkungu wake. Lameck akasema hapo Muzamil amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Muzamil si mjinga, angeuliza: ile ngumi ya kushoto ilikuwa na nini cha ajabu mpaka imzuie Tyson, kijana aliyepita chini ya ngumi za kila mtu? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Ijumaa jioni, ndizi zikiwa zimebaki tatu, nikampa Lameck ng'ombe. Mkia kwa kulia, chuchu kwa kushoto, miaka minne, asubuhi kwa asubuhi. Nikamwambia kwamba ngumi ya kufundishwa ukubwani unaweza kuikwepa, lakini iliyoingia mwilini utotoni haina dalili, haitangazi kwamba inakuja. Nikamwambia pia ilikotoka: magoti ya baba, vidole vilivyovimba, rula. Nilimwambia kwa sababu nilitaka akifika hapo jina langu lije lenyewe, bila kulitafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ameguswa.

Jumamosi uani palikuwa na wanawake saba. Anatolia aliwaita, nafikiri kwa kutaka kufuta kile kicheko chake. Muzamil alianza vizuri, akaeleza kasi ya Tyson, shingo yake, jinsi alivyoingia kwa chini. Lameck akajibu kwa ile miaka thelathini na minane, kisha kwa mgomba, na wanawake uani wakapiga makofi. Muzamil akauliza swali lilelile nililolitegemea. Lameck akakohoa kidogo.

Akaitoa ile habari ya ng'ombe. Akasimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo, na studio ikawa kimya mpaka tukasikia kiti kikilia. Alipomaliza Nusra akasema katika mashindano yote haya hajasikia kitu kizuri namna hiyo, na akamuuliza, Profesa, hii umeipata wapi?

Nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama lini.

"Hii nilisimuliwa na baba yangu mzazi, Mungu amrehemu," Lameck akasema. "Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu alikuwa amenichapa vidole, basi mzee akanikalisha magotini."

Baba yake Lameck, apumzike kwa amani, hakuwahi kumiliki redio wala gazeti, na Lameck anaandika kwa mkono wa kulia. Alikuwa ameacha kuchukua maneno yangu. Sasa alichukua vidole vyangu, na magoti ya baba yangu. Niliumia mahali ambapo sikujua kwamba panauma. Wanawake walikuwa wakinitazama, na mimi sikuwa na pa kutazama.

Nusra akafungua simu. Wa kwanza alimpa Tyson, wa pili Holmes. Wa tatu akasalimia kwanza kwa Kinyambo, lugha yetu, na mimi nilipoitambua sauti nikaketi chini kwenye mkeka wa kahawa. Nusra akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema anaitwa Kaijage, yuko Kibingo, na ana swali kwa mkwe wake.

"Lameck, waitu, habari ya ng'ombe si ya kweli," baba akasema, na waitu kwetu ni neno la heshima. "Niliitunga mimi. Holmes utotoni aliosha magari, hayo yameandikwa. Ng'ombe hayupo katika gazeti lolote. Mwaka themanini na moja binti yangu alichapwa kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, nikatunga ili arudi shule. Sikumwambia mtu mwingine, hata mama yake. Sasa nieleze, baba yako aliitoaje kichwani mwangu?"

Baba akasema huyo binti anaitwa Adventina, na kwamba kwa wiki hizi zote amekuwa akisikia sanduku lake likisemwa na mtu ambaye hakuwahi kulifungua, akanyamaza kwa sababu binti alimwambia asubiri fainali. Nusra, kwa adabu, akamuuliza Lameck kama wanaweza kumpigia mama. Lameck akasema simu yangu haina chaji.

Simu ilikuwa mapajani mwangu, imejaa. Baba akaitaja namba yangu hewani, tarakimu kwa tarakimu, kama kipofu anavyozijua namba za watoto wake. Mpaka leo watu nisiowajua wananipigia kuniuliza habari za Foreman.

Iliita. Anatolia akapunguza redio. Nusra akanisalimia, akaniuliza nasemaje, kati ya Holmes na Tyson nani anashinda. Swali hilo nimelingoja tangu nikiwa na vidole vilivyovimba. Nikawaambia wamtoe ng'ombe. Bila ng'ombe bado Holmes anashinda, kwa pointi, kama ni Holmes wa mwaka themanini, kwa sababu alikuwa mtu wa mazoezi miaka mingi, na mtu wa mazoezi hujifunza kila ngumi kwa kupigwa nayo. Nusra akauliza nina neno gani kwa Profesa. Nikasema sina, nikakata.

Waamuzi walimpa Tyson, wote watatu. Walisema utetezi uliojengwa juu ya jambo la uongo hauwezi kupewa ubingwa, na ni haki, ningekuwa mwamuzi ningefanya hivyo. Muzamil akapata kiti. Kwa hiyo Holmes wangu alipigwa mara ya pili na Tyson, na safari hii hakuwa mzee wala hakuwa amestaafu.

Wanawake walipoondoka baba alipiga tena. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, nimekasirika, na nisimdanganye mzazi. Nimelisikia jina langu redioni kama nilivyotaka, na pumzi hiyohiyo ndiyo iliyoninyang'anya ng'ombe. Miaka arobaini na minne nilijivunia mkono huu kwa sababu ya mnyama ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa mkubwa.

"Muhara wange," akasema, yaani binti yangu, "ulipokuwa mkubwa mkono ulikuwa umeshapona. Nani anarudi kufungua kidonda kilichopona?"

Nikamwambia apumzike.

Lameck alirudi saa kumi na mbili. Hakupita senta. Alikuja kwa njia ya nyuma kwenye migomba, akisukuma baiskeli, ili asipite mbele ya lile benchi. Tumbo lake lilikuwa bapa kama siku zote, kahawa haikumfanya kitu. Akavuta kigoda chake, akakaa mahali pake mbele yangu, mimi nikiwa namalizia chakula. Akasema mzee angempigia yeye pembeni, mambo ya nyumbani hayapelekwi redioni. Akasema na mimi ningemtetea. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza kitu kimoja tu, kwa nini alimtaja baba yake.

"Lilikuja tu mdomoni," akasema. "Adventina, ningesema nimefundishwa na mke wangu, ningekaa wapi katika senta hii?"

Lilikuwa jibu la kweli, na labda ndilo neno la kwanza lake mwenyewe alilolisema katika habari zote hizi za ngumi. Nilimwelewa kabisa, na kumwelewa hakukunipunguzia chochote. Nilisimama, nikapakua ndizi na maharage, nikaweka kipande cha samaki juu kama apendavyo. Holmes alimshinda bosi wake akalia. Mimi machozi yalikuwa yameshakwisha kwenye mkeka wa kahawa.

Nikamnyooshea sahani kwa mkono wa kushoto.

Hakupokea mara moja. Aliutazama ule mkono, akanitazama mimi, akautazama tena, na mimi sikuubadilisha. Miaka thelathini na mitatu alikuwa hajauona ukimpa kitu. Mwishowe akanyoosha mikono yake yote miwili, akaipokea sahani taratibu, kama mgeni anavyopokea chakula katika nyumba ya watu. Nikapakua yangu, nikakaa kwenye kigoda changu, nikala.